Maswali ya Wasomaji: Sina Shamba, Kijijini Nitafanya Kazi Gani?

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa vijana wa vijijini, na karibu zote zinaanza kwa kilio kimoja: sina shamba, au ninalo la kukodi, na mtaji ni mdogo. Tumechagua saba. Msimamo wetu tuuseme mapema. Kando ya kila shamba kuna kazi nne au tano ambazo mkulima hazimudu vizuri peke yake, na yuko tayari kuzilipia akiona zimefanywa kwa kipimo. Kijana asiye na ardhi aanzie hapo.

Shikamooni wahariri. Nina miaka 24, naishi Ilula, na huku kila mtu analima nyanya. Sina shamba. Nina uwanja nyuma ya nyumba ya wazazi, kama hatua kumi kwa kumi na tano, na maji ya bomba yanatoka siku tatu kwa wiki. Nawaza kuotesha miche ya kuuza. Inalipa? Nianzeje?

Marahaba. Uwanja wako ni mkubwa kuliko unavyodhani. Mkulima anayepanda nyanya kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 50 kati ya miche anahitaji miche 10,800 hivi kwa eka. Ongeza ya kujazia mapengo, sema 12,000. Kwa trei za mashimo 200, hiyo ni trei 60, na trei moja ina karibu sentimita 54 kwa 28. Kwa hiyo miche ya eka nzima inakaa kwenye mita za mraba 9 tu, pungufu ya chumba cha kulala. Maji ya siku tatu kwa wiki yanatosha ukiwa na pipa mbili za kuhifadhia.

Cha kujaza trei kisiwe udongo wa shamba la nyanya hata siku moja. Watu wengi hutumia unga wa makumbi ya nazi, unaouzwa umeshindiliwa kama tofali. Tofali la kilo 5 likilowekwa linatoa lita 60 hivi, za kujaza trei ishirini na kitu. Lioshe mara mbili kwa maji safi kabla ya kutumia, kwa sababu makumbi mengi hubaki na chumvi, na chumvi huunguza ncha za mizizi. Dalili yake ni miche inayoota vizuri kisha ikasimama kwenye majani mawili, ikikataa kukua.

Weka mbegu moja kila shimo, kina cha nusu sentimita hadi moja, kisha pandanisha trei na kuzifunika kwa nailoni kivulini. Nyanya huota kati ya siku ya 5 na ya 8. Kuanzia siku ya 4 chungulia asubuhi na jioni. Ukiona shingo nyeupe zimeanza kujikunja juu ya unga, zitandaze trei mezani siku hiyo hiyo. Ukichelewa siku mbili miche inarefuka kutafuta mwanga, inakuwa myembamba kama uzi wa kushonea, na hakuna mbolea itakayoirudisha. Meza iwe juu ya ardhi, kimo cha kiuno, ili mizizi inayotoka chini ya trei ikutane na hewa na kukatika yenyewe. Trei zikilala chini, mizizi inaingia ardhini, na siku ya kung'oa inakatika yote.

Adui wa kwanza ni kinyausi. Mche unakuwa mzima asubuhi, jioni umelala. Ukiutazama karibu utaona shina limebanwa pale linapogusana na unga, limekuwa jembamba na la kahawia kama limefungwa uzi, huku majani bado ni ya kijani. Huo ni ukungu, na unapenda unyevu usiokauka. Mwagilia asubuhi ili jioni uso wa unga uwe mkavu. Osha trei za zamani kwa maji yenye dawa ya kufulia ya klorini, kisha zisuuze. Trei iliyoanza kuugua itoe mezani kabisa.

Adui wa pili ni inzi weupe, wanaoleta ule ugonjwa ambao wakulima wanauita rasta, majani yanapojikunja na kuwa madogo na ya njano. Ugonjwa ukiingia kitaluni, mteja wako atauona wiki tatu baadaye shambani kwake, na jina lako litakuwa limeharibika. Funika kitalu kwa neti yenye matundu madogo pande zote, siyo paa tu, na weka mlango wa mapazia mawili. Anayeingia anawe mikono kwa sabuni, hasa mvuta sigara na mtumia ugoro, kwa sababu kuna virusi vya tumbaku vinavyohamia kwenye nyanya kwa vidole.

Miche iko tayari kati ya siku ya 25 na ya 30, ikiwa na majani halisi manne au matano na shina nene kama penseli nyembamba. Siku 7 za mwisho punguza maji na uondoe kivuli kidogo kidogo ili ikomae. Mche uliodekezwa mpaka siku ya kupandwa hulala mchana wa kwanza shambani, na mkulima anahisi ameuziwa mgonjwa.

Kuhusu kulipa, piga hesabu hivi. Tuseme mbegu ya chotara inakuangukia shilingi 60 moja, unga shilingi 10, sehemu ya gharama ya trei shilingi 5, maji, neti na dawa shilingi 10. Jumla 85. Lakini katika mbegu 100 hutauza miche 100. Ukiuza 88, gawa 85 kwa 0.88: mche mmoja umekugharimu karibu shilingi 97, na hujajilipa. Wengi huweka bei kwa ile 85, halafu wanashangaa pesa imekwenda wapi. Mbegu za kawaida kama Tanya na Tengeru 97 ni nafuu zaidi, na wapo wanaozitaka. Uliza kabla.

Jambo linaloua vitalu vingi kuliko kinyausi ni kuotesha bila oda. Mche wa nyanya haungoji bei. Ukifika siku 35 mizizi imejizungusha ndani ya shimo, na shamba litachelewa hata ukiupanda vizuri. Pokea nusu ya malipo kabla ya kutia mbegu, andika tarehe mkulima anayotaka kupanda, rudi nyuma siku 28, hiyo ndiyo siku yako ya kusia. Anza na trei 20 za watu wawili watatu. Ukiona zote zimechukuliwa ndani ya wiki moja, ongeza.

Nalima vitunguu Mang'ola kwa kukodi nusu eka. Wanunuzi wanataka gunia la lumbesa. Nikikataa wanahamia kwa jirani. Nifanyeje?

Ndugu yetu, anza kwa kujua unachopoteza, kwa sababu wakulima wengi hukisia tu. Tuseme bei ni shilingi 60,000 kwa gunia. Gunia la kilo 100 linakupa shilingi 600 kwa kilo. Likishonewa kilemba cha neti mpaka likafika kilo 140, umeuza kilo kwa shilingi 429. Katika magunia 30 umetoa bure kilo 1,200, ambazo ni magunia 12 ya halali.

Sheria ya Vipimo imekataza ufungashaji wa zaidi ya kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndiyo wenye kazi ya kuisimamia. Ila ukibaki peke yako na sheria yako, jirani atauza. Kinachofanya kazi ni wakulima kumi au kumi na tano wa mfereji mmoja kununua mizani moja ya kuning'iniza ya kilo 150, kuihakiki kwa Wakala na kukubaliana bei kwa kilo kabla lori halijaingia. Mnunuzi anayetaka lori la magunia 150 anahitaji watu kumi na tano, na hao ndio mmekaa pamoja. Kijana anayejua kutumia mizani na kuandika daftari anaweza kulipwa na wenzake kwa kila gunia analopima.

Halafu kuna unyevu. Vitunguu vinavyofungwa siku ile ile ya kung'olewa vinaoza shingo njiani, na mnunuzi hulipiza kwa kudai kilemba kikubwa zaidi mara ijayo. Vianike kivulini penye upepo siku 7 hadi 10, mpaka shingo isinyae na ganda la nje litoe mlio ukilisugua, ndipo ukate majani ukibakiza sentimita 2.

Mimi ni dada wa miaka 27, Lushoto. Wakulima wa mboga hapa wananiita kuwapulizia dawa kwa malipo. Mwingine ananiambia weka vifuniko viwili kwa bomba, mwingine vinne. Kipimo sahihi ni kipi?

Dada, si viwili wala vinne. Kifuniko si kipimo, kwa kuwa vifuniko vya chupa vinatofautiana. Nunua bomba la sindano la ml 20 na kikombe chenye alama. Hivyo viwili ndivyo vitakutofautisha na wapulizaji wengine wote wa bonde lenu.

Kisha jipime mwenyewe. Pima eneo la mita 10 kwa 10. Jaza bomba lako maji matupu mpaka alama unayoijua, pulizia eneo hilo kwa mwendo wako wa kawaida, ukipampu kama siku zote. Rudisha maji mpaka alama ile ile kwa kikombe. Tuseme yamepungua lita 2. Eka ni kama mara 40 ya eneo hilo, hivyo wewe unatumia lita 80 kwa eka. Bomba lako ni la lita 16, basi ni mabomba 5 kwa eka. Lebo ikisema ml 400 kwa eka, gawa kwa 5: ml 80 kila bomba. Mwenzako anayetembea haraka atatumia lita 50 kwa eka, na kwa dawa ile ile anahitaji ml 128 kila bomba la lita 16. Ndiyo maana mmoja anasema viwili na mwingine vinne, na kila mmoja ana hakika.

Rudia kipimo hiki ukibadili nozeli, yaani kile kichwa cha kupulizia, au zao likikua, kwa sababu kabichi iliyofunga inahitaji maji mengi kuliko mche. Kila mwezi pima nozeli yenyewe: pulizia ndani ya kikombe dakika moja. Ikitoa zaidi ya kumi kwa mia kuliko ilipokuwa mpya, tundu limepanuka, itupe. Nozeli ya wadudu na ukungu inatoa umande wa duara. Ya magugu inatoa umande bapa. Ukitumia ya magugu kwenye wadudu, chini ya majani hapafikiwi, na huko ndiko wadudu walipo. Bomba la magugu liwe lake peke yake, limepakwa rangi. Mabaki kidogo ya dawa ya magugu yameshaunguza bustani nyingi za nyanya.

Pulizia asubuhi kabla ya saa tatu au jioni, upepo ukiwa umetulia, na urudi kinyumenyume au pembeni ili usipite kwenye majani uliyokwisha kulowesha. Suruali iwe nje ya buti, kamwe si ndani, la sivyo dawa inateremka mpaka kwenye soksi na inakaa kwenye ngozi siku nzima. Glavu ziwe za mpira usiopitisha, kwani zile za kitambaa hunywa dawa na kuishikilia mkononi. Mtu hatari zaidi kwako ni wewe mwenyewe wakati wa kuchanganya, kwa sababu hapo dawa ni nzito. Vaa kinga ya macho hapo hata kama huivai kwingine. Mjamzito au anayenyonyesha asifanye kazi hii. Ukitokwa jasho jingi, mate, kichwa kikauma na macho yakaona ukungu, acha, vua nguo, jioshe kwa sabuni, nenda kituo cha afya na lebo ya chupa mkononi.

Chupa ikiisha, tia maji robo, funga, tikisa nusu dakika, mimina ndani ya bomba. Fanya hivyo mara tatu, kisha itoboe ili isije ikabebea mafuta ya kula.

Weka daftari: tarehe, jina la shamba, zao, dawa, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna kama lebo inavyosema. Mkulima akikuita Jumatatu na anataka kuvuna Alhamisi, dawa ya siku 14 ikatae, hata akikasirika. Nunua dawa yenye namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu na lebo ya Kiswahili, na usikubali dawa iliyopimwa dukani kwenye chupa ya soda.

Tumechimba kisima Ruaha Mbuyuni, maji yako mita 11 chini. Pampu ya petroli ya inchi 2 inanguruma bila kutoa tone. Fundi anasema tununue ya inchi 3. Kweli?

Hapana, msinunue. Pampu ya juu haivuti maji kwa nguvu zake. Inatoa hewa kwenye mpira, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji yapande. Uzito huo, usawa wa bahari, hauwezi kuyapandisha zaidi ya mita 10 na kidogo hata pampu ingekuwa kamilifu, na kwa pampu za kawaida kikomo ni kama mita 7. Kila mita 1,000 za mwinuko zinapunguza zaidi ya mita 1. Kwa hiyo inchi 3 itanguruma zaidi na kunywa petroli zaidi, na maji yatabaki mita 11.

Msikubali pia ushauri wa kuteremsha mashine kisimani. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu, inatulia ndani ya shimo na kuua anayeshuka, kisha anayemfuata kumwokoa. Mnachohitaji ni pampu ya kuzama, inayosukuma kutoka chini, ya umeme au ya sola. Kabla ya kununua, pimeni kisima kinarudisha lita ngapi kwa saa kwa kuchota kwa ndoo saa nzima na kuhesabu. Pampu inayozidi uwezo wa kisima itabaki ikizunguka mkavu na kuungua.

Nipo Singida vijijini. Kuku wanakufa kila kiangazi. Nimesikia kijana anaweza kufanya kazi ya kuchanja kuku kwa tone la jicho. Inahitaji nini?

Inahitaji kibali, baridi kidogo na kalenda. Ugonjwa unaoufagia uwanja mzima ni mdondo, wengine wanauita kideri, na chanjo inayofaa kijijini ni I-2, inayotengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA), Kibaha. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingi, ila hiyo haimaanishi ikae mfukoni. Ibebe kwenye kibebeo chenye barafu au kitambaa kilicholowa, mbali na jua, na ukishaifungua imalize ndani ya muda ulioandikwa kwenye chupa.

Nenda kwanza kwa afisa mifugo wa kata. Kazi hii hufanyika chini yake, na kampeni ya kitaifa ya chanjo iliyozinduliwa 2025 inagusa kuku wa asili pia, kwa hiyo huenda anatafuta wachanjaji, na bei ya kuwatoza wafugaji mtakubaliana naye.

Kazi yenyewe ni alfajiri, kabla mabanda hayajafunguliwa. Shika kuku, mlaze ubavu, dondosha tone moja jicho moja, subiri apepese na tone liingie. Tone likimwagikia manyoya rudia. Kifaranga na jogoo wanapata tone lile lile moja. Kama chupa inahitaji kuchanganywa, usitumie maji ya bomba yenye klorini, yanaua chanjo. Chemsha maji, yapoe kabisa. Rudia kila baada ya miezi 3, na raundi moja iangukie mwishoni mwa masika, kabla upepo wa kiangazi haujaanza.

Kosa linaloharibu kazi hii ni kuitwa kuku wakiwa wameanza kufa. Kinga inachukua wiki moja hadi mbili kujijenga. Kuku aliyekwisha kuambukizwa atakufa hata ukimtia tone, na kijiji kizima kitasema chanjo yako inaua. Kwenye nyumba yenye wagonjwa usichanje, na usiingie kisha ukaenda ya pili, kwa sababu unaubeba ugonjwa kwenye viatu. Chanja vitongoji ambavyo bado ni vizima. Tena chanjo hii ni ya mdondo peke yake. Mwambie mfugaji wazi kwamba haizuii ndui wala homa ya matumbo, ili siku moja asije akakudai kuku waliokufa kwa jambo jingine.

Tuko vijana sita Kongwa. Tunataka mkopo wa halmashauri tununue mashine ya kupukuchua mahindi. Tupeni ushauri.

Mikopo hiyo inatoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisitishwa Aprili 2023 ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Mkiwa sita mnatosha kuwa kikundi. Mwanzo wa safari ni afisa maendeleo ya jamii wa kata: katiba, muhtasari wa kikao wenye sahihi zenu zote, usajili, akaunti ya benki ya kikundi, kisha andiko la mradi.

Andiko ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu wanaandika ndoto. Andikeni hivi. Tuseme mashine na injini ni shilingi 2,400,000. Mnatoza 2,000 kwa gunia, mafuta na mwendeshaji vinakula 800, zinabaki 1,200. Mtahitaji magunia 2,000 kurudisha bei ya mashine. Kwa magunia 60 kwa siku ni siku 34 za kazi. Je, kata yenu ina magunia 2,000, na mashine nyingine ziko ngapi? Zungukeni na daftari, kaya kwa kaya, kabla ya kujaza fomu. Na ratiba ya marejesho iombeni ianze baada ya mavuno. Mashine hii inaingiza pesa miezi miwili au mitatu kwa mwaka. Kikundi kinachokubali kulipa kila mwezi kuanzia Januari kitakuwa na deni la miezi mitano kabla hakijapukuchua gunia la kwanza.

Sasa mahindi yenyewe. Mahindi mabichi yanasagika, mahindi yaliyovunjika ndiyo mlango wa ukungu, na ukungu ndio unaozaa sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara 2016. Msipukuchue bila kupima. Njia ya bei rahisi: chupa ya kioo, kavu kabisa, ya ml 750. Tieni mahindi theluthi moja na vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa juani. Fungeni, tikiseni dakika mbili, acheni robo saa. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa kama vumbi la chaki, unyevu umezidi asilimia 15. Yarudisheni juani, juu ya turubai, si ardhini. Ikiteremka yote chini na kioo kikabaki kisafi, ongezeni siku moja au mbili za jua, kwa maana ya kuhifadhi yanatakiwa yafike 13 na nusu.

Mashine ikitoa punje nyingi zilizokatika wakati mahindi ni makavu, mwendo wa ngoma umezidi: punguzeni injini kabla ya kulaumu mahindi. Ikitoa magunzi yenye punje, ama mwendo ni mdogo ama mnalisha kwa pupa. Aliyevaa kanga au shati la mikono mirefu asisogee kwenye mkanda, na mkanda uwe na kifuniko muda wote. Wauzieni pia wateja mifuko ya kuhifadhia yenye tabaka tatu. Mahindi makavu ndani yake, ikifungwa tabaka kwa tabaka, dumuzi anakosa hewa na kufa bila dawa.

Nakodi shamba la mpunga Mbarali. Mwenye shamba alinipimia eka mbili kwa hatua, mavuno yakawa kidogo kuliko ya jirani. Nahisi nimepunjwa. Nitajuaje?

Pima. Eka ni mita za mraba 4,047. Ikiwa ya mraba, kila upande ni mita 63.6. Ile desturi ya hatua 70 kwa 70 inakubalika kama hatua ni ya sentimita 91. Mtu mfupi, au mtu mwenye nia yake, akitembea hatua za sentimita 80, hatua 70 ni mita 56, na 56 kwa 56 ni mita za mraba 3,136. Umelipia eka, umepewa robo tatu na ushee. Katika eka zako mbili umepungukiwa karibu nusu eka, na huenda mavuno yako kwa kila mita hayakuwa mabaya hata kidogo. Mbolea nayo ulimwaga ya eka mbili kwenye eka moja na nusu, ukalipia ziada.

Tumia futi kamba ya mita 50, watu wawili, ikivutwa isilegee. Ili kona iwe mraba kweli, pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili. Kutoka ncha hadi ncha ikupe mita 5 kamili. Shamba lisilo na umbo ligawe pembetatu.

Msimu ujao andikiana naye. Karatasi itaje majina, mipaka na majirani wa pande nne, ukubwa uliopimwa kwa mita, bei, nani analipa ada ya maji ya skimu, na nani anatengeneza kingo. Asaini mwenye shamba na mwenzi wake, na kama ni ardhi ya familia, ndugu zake pia. Wakulima wengi hufukuzwa na kaka wa mwenye shamba aliyejitokeza mpunga ukiwa umechanua. Mashahidi wawili na muhuri wa mtendaji wa kijiji.

Kama wewe ni mkazi wa kijiji hicho, unaweza pia kuomba ardhi yako mwenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inamruhusu mtu mmoja, familia au kikundi kupeleka maombi kwa halmashauri ya kijiji, na ugawaji unapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Kikundi cha vijana chenye muhtasari na ramani ya mkono ya eneo kinasikilizwa kuliko anayekuja na maneno matupu.

Na kwenye mkataba wa kukodi usiandike "msimu mmoja". Andika tarehe ya kumaliza, na iwe mwezi mmoja baada ya siku unayotarajia kuvuna. Maji ya skimu yakichelewa wiki tatu, mpunga nao utachelewa wiki tatu, na utakuwa bado uko shambani kihalali.